Jiwe Kavu Si Jiwe Safi

Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, aliandika namna alivyoweza kuweka samaki wa baharini kwa maji ya bahari, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa miambani pamoja na viumbe vyake. Mawe hai ya namna hiyo siku hizi hayapatikani kirahisi. Matumbawe magumu yako chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, na Marekani ilifunga uvunaji wa mawe hai katika bahari ya Florida miaka ya 1990. Kinachouzwa sana sasa ni jiwe kavu. Mengi huchimbwa nchi kavu kutoka miamba ya kale ambayo bahari iliiacha zamani. Kwa asili yake ni chokaa ileile iliyotumika kujengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Uzuri wake ni kwamba halileti wageni wasumbufu kwenye tangi. Kasoro ni kwamba weupe wake humfanya mnunuzi aamini kuwa limekwisha kusafishwa. Vumbi na udongo si kazi: brashi ngumu na maji ya mpira vinatosha. Tabu iko ndani ya vitundu, walikokaukia sponji na minyoo, hasa kama jiwe lilikuwa baharini au kwenye tangi la mtu mwingine. Tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji ya chumvi, funika siku mbili tatu, kisha unuse. Likinuka uozo, usilipeleke kwenye tangi.

Hapo wapo wanaokimbilia sufuria. Usichemshe jiwe la baharini hata siku moja. Baadhi ya viumbe wanaoota juu yake, hasa wa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana katika maumbile, na joto la jikoni haliiharibu. Mvuke wa sufuria ya namna hiyo umewahi kuwafikisha watu hospitalini pamoja na familia zao.

Jiwe lenye uozo lilowekwe kwenye jiki isiyo na manukato wala sabuni, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, siku kadhaa, pampu ikizungusha maji muda wote. Klorini hula mabaki hadi ndani. Kisha suuza, loweka tena kwenye maji yenye thiosulfeti ya sodiamu ili kuua klorini iliyobaki, na anika juani mpaka likauke kabisa. Tindikali nayo ina mashabiki wake, kwa sababu humenya ganda la nje pamoja na uchafu ulioshikamana nalo. Mimi siipendi kwa mtu wa nyumbani: inaunguza ngozi, inapunguza jiwe lenyewe, na ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua. Atakayeitumia aifanyie kazi nje, avae glavu na miwani, na amimine tindikali ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali.

Adui mkubwa hata hivyo ni fosfeti, nayo haiondoki kwa kusugua. Hung'ang'ania uso wa chokaa, na maji yanapokuwa na fosfeti kidogo, jiwe huanza kuiachia polepole. Ukibadilisha maji kipimo hushuka. Baada ya siku chache kimepanda tena. Ndiyo maana mtu hupima maji akakuta karibu sifuri huku mwani wa manyoya umefunika mawe yote: mwani unaila pale pale inapotoka, kabla haijafika kwenye kipimo.

Dawa yake ni pipa la plastiki lenye maji ya chumvi ya kiwango cha bahari, gramu 35 kwa kilo, hita ya nyuzi 25 au 26, pampu yenye nguvu, na giza. Bila mwanga mwani hauoti, kwa hiyo kipimo kinasema kweli. Badilisha maji, ngoja wiki, pima. Kisipopanda zaidi ya miligramu 0.1 kwa lita, jiwe limetulia. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Kloridi ya lanthani huiharakisha kwa kugandisha fosfeti kuwa unga unaonaswa na kichujio chembamba, lakini itumie kwenye pipa tu, pasipo samaki.

Katika pipa hilohilo unaweza kuwakaribisha bakteria. Weka amonia kufikia takriban miligramu 2 kwa lita, uongeze na bakteria wa chupa. Kundi moja litaigeuza kuwa nitriti, jingine nitriti kuwa nitrati. Dozi hiyo ikimalizika ndani ya siku moja bila kuacha nitriti, jiwe linaweza kuhamia kwenye tangi.

Vumbi la kahawia litakalotanda wiki za mwanzo ni diatomu; hupita zenyewe. Rangi ya zambarau ya mwani wa chokaa huchelewa zaidi. Ukitaka ije mapema, omba kipande kidogo cha jiwe hai kutoka tangi la mfugaji unayemwamini, ukiweke mbele ya pampu. Kikague kwanza kwa kioo cha kukuza. Ukiona anemoni ya Aiptasia, hata moja ndogo kama punje ya mchele, kirudishe.