Utangulizi: Kuruka Bila Kuona Nje

Ndege ndogo itokayo Tanga kwenda Pemba huvuka bahari. Ielekeayo Arusha huwa na Usambara pembeni, milima yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Masika yakishika, mawingu huziba njia zote mbili, na rubani asiyejua kuruka kwa kutazama vipimo peke yake hana budi kusubiri. Kitabu hiki ni cha anayetaka kujifunza ujuzi huo, na cha atakayemfundisha.

Ujuzi wenyewe una pande mbili. Kwanza, kuishika ndege isipinduke. Ndege ikilala upande mmoja polepole, sikio la ndani huzoea mzunguko na kumwaminisha rubani kwamba imenyooka. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo haya: wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Pili, kujua ulipo. Mei 1955, ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwemo walifariki.

Viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vinadai saa 40 za kuruka kwa vipimo, na sehemu yake inaweza kufanyiwa ardhini, kwenye simuleta, yaani mashine inayoiga urukaji wa ndege. Zigawanywe vipi? Rai yangu ni kwamba kila mbinu ichaguliwe kwa kosa inaloliponya. Simuleta hufaa kwa macho yanayoganda kwenye kipimo kimoja na kwa anayepotea njiani: mwalimu huisimamisha palepale kosa linapotokea, akauliza, “Sasa uko wapi?” Lakini simuleta isiyotikisika hailidanganyi sikio. Kwa hilo inahitajika ndege halisi, mwanafunzi akiwa amevaa kizuizi cha macho na mwalimu akiangalia nje. Kizuizi nacho kina upungufu, maana mwanga wa jua hupenya na jicho huchungulia. Ndiyo sababu saa chache za mawingu ya kweli, mwalimu akiwa kando, hazina mbadala.

Mgeni wa fani hii asitishwe na hesabu: kujumlisha, kugawanya na kusoma dira vinatosha kuanzia. Sura ya kwanza inahusu sikio, kwani asiyejua anavyodanganywa atayaona mazoezi yote kuwa adhabu.