MSITU WA AMANI NA HAKI YA WAULINZI WAKE

Kila atokaye Pongwe kuelekea Muheza huiona mbele yake milima ya Usambara Mashariki ikiwa imejitanda mawingu. Wengi wetu huridhika kuitazama kwa mbali. Wageni, kwa upande wao, huvuka bahari waje kuipanda kwa miguu: huanzia Sigi, hupanda hadi Amani, na walio na siku za kutosha huendelea hadi misitu ya Nilo.

Wanachokifuata si tembo wala simba. Huwafuata hondohondo na mbega juu ya miti, na sange mwenye pua ndefu afukuaye majani makavu. Usiku humsikiliza pelele akilia, na kwa mwanga wa kurunzi humtafuta kinyonga dume mwenye pembe tatu usoni. Yumo pia chura mdogo asiyetaga mayai majini kama wenziwe, bali huzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika. Baadhi ya viumbe hawa hawapatikani popote duniani ila katika milima yetu hii.

Lakini msitu huu si wa wanyama peke yao. Upepo wa bahari unapoigonga milima hiyo huacha mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Miti huipokea, ardhi huihifadhi, na Mto Zigi huishusha hadi bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Hayo ndiyo maji ya Tanga. Afunguaye bomba mjini anakunywa kutoka Amani, ajue asijue.

Neema hii ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 misumeno ya viwanda iliingia hata kwenye miteremko mikali, mpaka ukataji huo ulipokomeshwa. Mwaka 1997 Amani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Asili, ya kwanza nchini. Baadaye, ili kuunganisha vipande vya msitu huko Derema, zaidi ya wakulima 1,000 waliyaacha mashamba yao ya iliki kwa fidia. Iliki ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Fidia hulipwa mara moja. Iliki huchumwa kila mwaka.

Kwa hiyo tunauliza: mgeni anapolipa ili amwone kinyonga wa Derema, mwananchi wa Derema anapata nini?

Ndugu zetu wa Pemba wanaweza kutufundisha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa. Wanavijiji, wakiwamo wa Kidike, waliamua kumlinda. Popo wakaongezeka hadi maelfu, na wageni wakaja kuwatazama kwa malipo. Aliyekuwa kitoweo akawa mtaji wa kijiji. Hawakulindwa kwa bunduki, bali kwa watu walioona faida.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanavijiji nafasi katika usimamizi wa misitu. Yawapasa viongozi wahusika waitekeleze kwa vitendo. Waongoza wageni wawe vijana wa vijiji vya mlimani, waliofunzwa na kulipwa ipasavyo. Chakula na malazi ya wageni yanunuliwe vijijini. Mapato ya hifadhi na mgawo wa kila kijiji yasomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, si kufungiwa makabatini.

Nasi wa pwani na visiwani tusibaki watazamaji. Shule za Pongwe, Tanga na Pemba ziwapeleke watoto wakatembee huko, wakijue chanzo cha maji wanayokunywa.

Msitu ni amana. Aliyekabidhiwa kuulinda akiendelea kulala njaa, hatutakuwa na haki ya kumlaumu siku atakapolichukua shoka.