Miiba Katika Udongo Mwema



Mfano wa mpanzi mwaujua ninyi nyote, kwa kuwa umeandikwa katika Injili ya Mathayo, ya Marko, na ya Luka. Watu wengi wausikiapo huwaza sana habari ya njia na ya mwamba, kisha huipita miiba upesi. Walakini kwetu sisi tuliobatizwa tangu utoto, hatari si njia wala mwamba. Mbegu imekwisha kuota. Tena angalieni: udongo ule wa miiba si mbaya. Usingalikuwa na rutuba, hata miiba isingalistawi. Na mmea wenyewe waota, ila hauzai. Bwana alipowaeleza wanafunzi maana yake alitaja mambo mawili pamoja, mahangaiko ya maisha na hila ya mali, wala hakusema kwamba la kwanza ni la maskini peke yake, na la pili la tajiri peke yake.

Tutwae mfano wa Kilimanjaro, nchi ya Wachaga, kwa maana huko Injili na mali ziliingia kwa mlango mmoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Kilema mwaka 1890, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wamepanda mibuni. Baadaye miche ikaenea katika vihamba vya watu, chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima walifanya chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ukaandikishwa ule ushirika mkubwa wa KNCU, ambao ungaliko hata leo. Hatulaumu buni hata kidogo. Fedha yake ilisomesha watoto, ikaezeka nyumba kwa mabati, ikatia sadaka katika vikapu vya makanisa. Hata Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakuilaumu fedha, alilaumu kuipenda.

Basi miiba huingiaje? Hakuna Mkristo aliyeamka asubuhi akasema, leo naiacha imani kwa ajili ya buni. Haiwi hivyo. Buni ikiiva huwa nyekundu, wala haimngoji mtu. Ikichumwa leo, sharti imenywe leo. Kisha hulowekwa hata utelezi wake utoke, huoshwa kwa maji safi, huanikwa juu ya vitanda siku nyingi, na kila wingu likitanda watu hukimbia kuifunika. Kazi hii ni njema, na mvivu hana fungu ndani yake. Lakini sala ya jioni ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu watoto wamechoka. Kisha Jumapili moja baba hubaki nyumbani, ati mvua inakuja. Kisha Jumapili ya pili mvua haiji, naye hubaki vile vile. Msimu wa kuchuma hupita, na ile desturi mpya hukaa. Ukimwuliza, atakwambia yeye ni Mkristo, na jina lake limo katika kitabu cha ubatizo. Ni kweli limo.

Fedha nazo zikija zaleta neno lingine. Kwa desturi ya zamani mbuni huhesabiwa kuwa wa mume, na mgomba kuwa wa mke. Mama huchuma, hubeba maji ya kuoshea, huchagua punje mbovu mchana kutwa. Lakini siku ya malipo baba huenda peke yake, na mara nyingine hurudi usiku, amekwisha kupita kwenye mbege, wala hasemi alipewa kiasi gani. Twaona jambo hili kuwa zito kuliko wengi wanavyodhani. Mume na mke waliofichana hesabu ya fedha hawapigi magoti pamoja kwa moyo mmoja. Na watoto husikia yote, hata wakijifanya wamelala.

Lakini mwiba mrefu kuliko yote ni mpaka. Kihamba hakiongezeki, nao wana huongezeka. Mipaka ya vihamba huonyeshwa kwa mmea wa masale, na mtu akitamani nafasi ya mibuni michache zaidi, masale huweza kusogezwa usiku hatua moja tu. Ndugu wawili waliolishwa na mama mmoja hupelekana barazani, na Jumapili hukaa kila mmoja upande wake wa kanisa, mmoja akitoka kwa mlango huu na mwenzake kwa mlango ule. Nanyi mwajua kwamba masale hayo hayo, kwa Wachaga, ndiyo ishara ya kuomba msamaha: mkosaji huyapeleka kwa aliyemkosea, na ni vigumu sana kuyakataa. Mmea ule ule walioung'oa kwa tamaa ungaliweza kuwapatanisha.

Labda mmoja atasema: basi umaskini ndio dawa. Sivyo. Mwaka 1937, siku za ukoloni, bei iliposhuka, ghasia zilizuka mlimani juu ya ushirika, na baadhi ya majengo ya vyama yakashambuliwa. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, bei ikapanda duniani kote. Mwaka 1989 mapatano ya nchi zinazouza na kununua kahawa yalivunjika, ikaanguka vibaya, na wakulima wengine wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga. Je, watu walipopungukiwa fedha moyo ulipumzika? Aliyekuwa hasali kwa sababu ya kuhesabu fedha, sasa hakusali kwa sababu ya kuhesabu deni. Kichwa kimejaa vile vile. Ndiyo maana Bwana aliyataja yote mawili pamoja.

Kazi ya kupalilia mwaijua kuliko sisi tuwezavyo kuandika: magugu hung'olewa yangali machanga. Wakati wa kuchuma, sala ya jioni na iwe fupi, lakini isiachwe. Baba Yetu moja kando ya vitanda vya buni, mikono ingali na maji, yatosha. Siku ya malipo, baba na mama waende pamoja, au baba aziweke fedha mezani zihesabiwe na wote wawili, na fungu la kanisa na la karo litengwe usiku ule ule. Na aliye na neno na ndugu yake juu ya mpaka, masale yapo hapo hapo mpakani; akate jani, aende nalo kabla ya Jumapili.