Kitabu cha Wakfu na Amana ya Mtunza Maktaba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Misikiti yetu mingi ina kabati la vitabu vilivyoletwa na watu waliotaraji thawabu zisizokatika baada ya kufa kwao. Lakini mara nyingi kabati hilo limefungwa, na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Tuliwahi kuulizwa na kijana mmoja, baada ya Tarawehe, kuhusu fidia ya mama anyonyeshaye. Jawabu lake lilikuwamo ndani ya kabati, hatua chache kutoka pale alipokaa, naye hakulijua. Basi ni nani mwenye dhima hapo, kijana au mtunza kabati?

Hukumu ya wakfu wa vitabu

Imamu Abu Hanifa hakujuzisha wakfu wa vitu vinavyohamishika. Mwanafunzi wake, Muhammad bin al-Hasan, akajuzisha katika vile ambavyo watu wamezoea kuviwekea wakfu, na vitabu vikaingia humo. Ama kwa Mashafi, ambao ndio madhehebu ya wengi katika pwani yetu, kila chenye manfaa ya halali ambacho dhati yake hubaki kinapotumiwa, chafaa kuwekwa wakfu. Miongoni mwa dalili zao ni khabari ya Khalid bin al-Walid (R.A.), aliyeziweka deraya zake katika njia ya Mwenyezi Mungu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Utaona kwamba hukumu yote imesimama juu ya manfaa. Na manfaa ya kitabu ni kusomwa. Kitabu kisichofikiwa na msomaji dhati yake imehifadhika, lakini makusudio ya aliyekitoa yamepotea.

Waliotangulia walivyopanga

Maulamaa wetu hawakurundika vitabu. Al-Maqdisi, mwanajiografia wa karne ya 4 Hijria, aliiona maktaba ya Adhud al-Dawla mjini Shiraz, akaeleza kuwa kila fani ilikuwa na makabati yake na fahirisi zake. Ibn Sina naye alipoingia katika maktaba ya Nuh bin Mansur huko Bukhara alikuta chumba cha lugha na mashairi, chumba cha fiqhi, na kadhalika. Alisoma fahirisi kwanza, kisha akaomba alichokihitaji. Mwaka 377 H. (987), Ibn al-Nadim wa Baghdad akaandika al-Fihrist, akiwagawia wasomaji wake vitabu vya zama zake katika milango 10 kwa maudhui.

Ama Taj al-Din al-Subki (aliyefariki 771 H./1370), kadhi wa Damascus, alimhesabu mtunza vitabu miongoni mwa wenye dhima mbele ya Mwenyezi Mungu. Wajibu wake ni kuvihifadhi, kuvitengeneza vinapochakaa, na kumpa mwenye haja. Na katika kuazima, amtangulize fakiri ambaye kupata kitabu ni taabu kwake, kabla ya tajiri.

Rafu ya msimu

Hapa ndipo mtunza maktaba wa leo anapoweza kufanya jambo jepesi lenye faida kubwa. Ibn Rajab (aliyefariki 795 H./1393) alikipanga kitabu chake Lataif al-Maarif kwa miezi ya mwaka, ili muumini apate mawaidha ya wakati wake. Nasi tupange rafu kwa njia hiyo.

Mwezi wa Shaabani, atoe vitabu vichache tu, aviweke mahali panapoonekana: Bulugh al-Maram na Minhaj al-Talibin kwa ahkamu za saumu, Ihya ya Imamu Ghazali kwa siri zake, na tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1969) kwa asiyesoma Kiarabu, ikiwa na alama kwenye aya ya 183 ya Suratul Baqarah. Katika kila kitabu atie kipande cha karatasi chenye swali kwa Kiswahili: "Nani anaruhusiwa kula mchana?" au "Fidia hutolewaje?" Msomaji wa kawaida huja na swali lake, hata jina la kitabu halijui. Zikikaribia siku za Hija, rafu igeuke manasiki. Ukitokea msiba mtaani, vitolewe vya mirathi.

Mipaka yake

Kuhamisha kitabu kutoka kabatini hadi mezani ndani ya msikiti hakubadilishi wakfu. Lakini ikiwa mtoaji alishurutisha kisitoke msikitini, basi kisiazimwe nje, kwani sharti lake ni la kuheshimiwa. Pia mtunzaji asichague vitabu kwa ajili ya kushinda upande fulani katika masuala ya khilafu. Yeye ni mwaminifu wa wakfu, na wakfu si uwanja wa mabishano. Na panapohitaji ufafanuzi, amwelekeze msomaji kwa mwalimu, kwani kitabu peke yake hakitoshi kwa fatwa.

Ndugu imamu, ufungue kabati lako wiki hii. Yule aliyeleta vitabu hivyo huenda yumo kaburini akingojea kimoja tu kisomwe.

Wallahu aalam.