Pima chombo kwanza, mashine baadaye

Je, msomaji, umewahi kusimama kando ya mto Sabaki jua likitua, ukawatazama bata mwitu wakishuka? Huja makundi kwa makundi wakipiga mluzi wao, kisha hutua pale penye maji haba na matope mengi, mahali ambapo mguu wa mtu huzama hadi gotini. Wako karibu lakini huwafikii. Mkazi wa Ganda akiona hivyo, hasa aliye na shamba karibu na mto, huwaza jambo moja tu: laiti ningekuwa na chombo kidogo, chepesi, chenye kijimashine nyuma!

Wazo hilo si geni wala si baya. Taabu ni kwamba mwenye kulipata aghalabu huanzia mwisho. Kabla hajanunua hata ubao mmoja, utamsikia akiulizia bei ya mashine, nguvu zake za farasi, na kama itaishinda ya jirani kwa mbio. Mbuzi wanauzwa, pesa za karo zinaguswa, na mama watoto anaambiwa avumilie kidogo tu, faida yaja. Makala haya yanakusihi uugeuze utaratibu huo. Pima chombo kwanza. Mashine ni swali la mwisho.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, tulivuka mto kwa mtumbwi wa mjomba, watu sita na magunia manne ya maembe. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa juu ya maji kwa vidole vinne tu. Tulipofika katikati, kijana mmoja alisimama kutazama kitu alichodhani ni mamba. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia. Mjomba hakupiga kelele. Alisukuma gunia la kwanza majini, halafu la pili, halafu la tatu. Tulipofika ng'ambo, nyanya alikuwa analia huku akitugusa vichwa mmoja mmoja. Mimi nilidhani analilia maembe yake. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba alikuwa akituhesabu.

Bata wa kutazamwa

Katika nchi nyingine, chombo cha aina hii kilizaliwa kwa ajili ya kuwinda bata. Huko New Jersey, Marekani, fundi mmoja aitwaye Hazelton Seaman alibuni chombo chake yapata mwaka wa 1836. Kilikuwa na urefu wa futi 12 hivi, kipana, chenye kina kifupi. Kiliweza kupita juu ya maji haba, kufunikwa kwa nyasi ili bata wasikitambue, na kuburutwa na mtu mmoja.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Kuwapiga ndege risasi kwa kibali kuliendelea baada ya hapo, lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliharamisha uwindaji wa kujifurahisha, na hata ule wa kutafuta kitoweo. Kwa hivyo ukiunda chombo cha bata, kiunde cha kuwatazama na si cha kuwaua.

Usivunjike moyo. Mlango wa Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, unahesabiwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege duniani. Kuna heroe, membe, shakwe na wageni wengine wanaotoka mbali. Mtalii mwenye darubini hulipa ili kuwaona, na bata aliyetazamwa leo atatazamwa tena kesho. Aliyechinjwa ameliwa mara moja. Zaidi ya hayo, chombo hicho hicho kitakuvushia miche, mbolea na mavuno.

Mwembe au plaiwudi?

Wazee wetu walichonga mtumbwi kutokana na gogo moja, na mwembe ulipendwa sana kwa kazi hiyo. Shoka na tezo vilitosha. Mtumbwi wa mwembe una sifa zake, lakini ni mzito, na tumbo lake la mviringo huufanya uyumbeyumbe. Ndiyo maana ngalawa huwekewa ndubi pande zote mbili. Tena mwembe ni mali. Ukiukata leo umewakatia watoto wako maembe ya miaka mingi ijayo.

Kwa maji haba na kwa mashine ndogo, chombo chenye sakafu bapa cha plaiwudi hufaa zaidi. Plaiwudi huuzwa vipande vya futi 8 kwa 4. Ukiunganisha viwili kwa urefu na kuweka ubao wa kuimarisha juu ya kiungo, unapata sakafu ya kutosha chombo cha futi 13 au 14, na vipande vingine viwili hutoa mbavu za pembeni. Lakini si kila plaiwudi ni ya majini. Kabla ya kununua, omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kuukuu kwa saa moja, kisha ukikaushe. Tabaka zake zikiachana, hiyo ni plaiwudi ya dari. Mwachie mwenye duka.

Njia rahisi ya kuziunganisha mbao hizo ni kuzishona. Unatoboa matundu kwenye kingo, unapitisha waya, unakaza hadi mbao zigusane, kisha unapaka gundi ya epoksi na kulaza utepe wa faiba juu ya mshono. Huko Uingereza njia hii ilipata umaarufu mwaka wa 1962, wakati Barry Bucknell na Jack Holt walipobuni mashua ya Mirror, iliyopewa jina la gazeti la Daily Mirror, ili mtu wa kawaida aweze kujiundia nyumbani. Watu wakastaajabu. Sisi wa pwani tusistaajabu sana. Mtepe wa babu zetu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, karne nyingi kabla ya gundi hiyo kujulikana.

Hesabu isiyohitaji fundi

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Chukua karatasi na kalamu. Tuseme sehemu ya sakafu inayogusa maji ina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 1, na mbavu zimeinuka sentimita 35. Kila chombo kinapozama sentimita moja, kinasukuma lita 35 za maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo kila kilo 35 unazopakia zinakizamisha sentimita moja. Hesabu nzima ndiyo hiyo.

Chombo chenyewe kina kilo 70 hivi. Mashine na chuma chake, kilo 30. Petroli, nanga na vifaa vingine, kilo 40. Ongeza watu wawili wa kilo 70 kila mmoja. Jumla ni kilo 280, nazo zitakizamisha sentimita 8. Umebaki na sentimita 27 za ukingo juu ya maji. Hapo umekaa salama.

Lakini ebu pakia watu sita na magunia manne ya kilo 90, kama tulivyofanya siku ile. Hata ukiviacha nyuma vifaa, jumla yafika kilo 880. Chombo kimezama sentimita 25, na ukingo uliobaki ni sentimita 10, upana wa kiganja. Hapo mtu mmoja akisimama, au kiboko akiibuka karibu, maji yanaingia. Na maji yakishaingia hukimbilia upande ulioinama, yakauinamisha zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Chora mstari mwekundu nje ya chombo, pande zote, sentimita 10 kutoka chini. Mstari huo maana yake ni kilo 350, yaani watu watatu pamoja na mashine na vifaa. Maji yakiufikia, hakuna anayeongezwa, hata awe shemeji. Mbunge wa Uingereza aitwaye Samuel Plimsoll alipigania mstari kama huo uchorwe kwenye meli, na sheria ikapitishwa mwaka wa 1876. Ikiwa meli kubwa zinauhitaji, sembuse chombo cha plaiwudi?

Usidhani haya ni maneno ya kutishia watoto. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Aprili 2024, wakati wa mafuriko ya mto Tana, boti iliyosheheni watu ilizama huko Kona Punda na kuua watu kadhaa. Miaka 30 imepita kati ya misiba hiyo miwili, na kosa ni lile lile.

Mashine ndogo yatosha

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1906 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee, Marekani, alipiga makasia siku ya joto kali ili kumletea mchumba wake aiskrimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Alipofika ilikuwa imeyeyuka. Mwaka wa 1909 alianza kuuza mashine ya kufungwa nyuma ya mashua. Ilikuwa na nguvu za farasi moja na nusu tu, na uzito wa kilo 28. Wateja waliipigania.

Mbona mashine ndogo hivyo ilitosha? Kwa sababu chombo kifupi kilichopakiwa vizuri kina mwendo wake. Kinaposonga huzua wimbi mbele na wimbi nyuma, kikakaa katikati kama mtu shimoni. Chombo cha mita 3.5 hufikia kilomita 8 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ukikifunga mashine kubwa huku umepakia mzigo, mbio haziongezeki sana. Tezi inazama na omo inanyanyuka, nawe unachoma petroli bure.

Mkulima wa kando ya Sabaki huenda tayari anayo mashine inayofaa. Ile ya petroli inayoendesha bomba la kunyunyizia mboga ina nguvu za farasi tano au sita. Wenyeji wa Thailand na wawindaji wa bata wa Marekani hufunga mashine za namna hiyo kwenye bomba refu lenye chuma kinachozunguka ndani, na rafadha kwenye ncha. Fundi stadi wa kuchomea vyuma anaweza kukutengenezea.

Mtindo huu una faida mbili mtoni. Kwanza, mashine hiyo hupozwa kwa upepo. Mashine ya kawaida ya boti huvuta maji ili ijipoze, na maji ya Sabaki yamejaa mchanga na tope litokalo bara, linaloweza kuziba njia hizo. Pili, ukifika penye maji haba unaibonyeza mashine chini, na rafadha inainuka juu ya tope.

Hasara zipo pia. Rafadha iliyo wazi hukata mguu kama panga. Bomba la moshi huunguza. Kwa hivyo weka kizuizi cha vyuma kuzunguka rafadha, funga kamba ya kuzimia mashine kwenye mkono wa nahodha ili ajapoanguka mashine izime, na usijaze petroli ikiwa ya moto. Ukiwakaribia bata, izime kabisa utumie pondo. Ndege hawapendi kelele, na mgeni wako amekuja kuwaona wakiwa wametulia.

Kabla ya kukishusha majini

Funga mitungi minne mitupu ya lita 20 chini ya viti, miwili mbele na miwili nyuma, na uikaze vifuniko. Chombo kikijaa maji, mitungi hiyo itabeba kilo 80 hivi, na watu watapata cha kushikilia. Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, avae na si alikalie. Beba kafi, pondo na kopo la kutekea maji.

Kisha uwaone wahusika. Halmashauri ya masuala ya baharini nchini, KMA, hukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni. Ukitaka kupita ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, shirika la wanyamapori, KWS, lina kanuni zake. Na mto ukifurika, kaa nyumbani. Mashine yako ndogo haishindani na Sabaki iliyojaa magogo.

Hatimaye, msomaji, kabla ya safari ya kwanza fanya jambo moja. Kipeleke chombo penye maji yasiyopita kiuno, mpakie ndugu na jamaa huku mama watoto akisimama ufuoni, na yeye ndiye autazame ule mstari mwekundu. Akisema yatosha, imetosha. Afadhali gunia la maembe lingojee safari ya pili, kuliko nyanya wa mtu asimame ng'ambo akihesabu vichwa na kukuta kimoja kimepungua.