Dira ya mwaka ianze na mshahara wa mwenye duka (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kuhesabu mali iliyopo dukani pamoja na madeni ya wateja, ili mwenye biashara aingie Januari akijua mtaji wake umesimama wapi. Sasa tuje kwenye dira yenyewe. Wafanyabiashara wadogo wengi wakiulizwa wanataka nini mwakani hutaja ukubwa: fremu ya pili, friji, pikipiki ya kusambazia mzigo, kuacha rejareja na kuuza jumla. Ni matamanio halali. Lakini hayafai kuwa mstari wa kwanza wa dira. Mstari wa kwanza uwe kiasi ambacho biashara itamlipa mwenyewe kila mwezi bila mtaji kupungua. Asiyekijua kiasi hicho hawezi kujua kama anakula faida au anakula mtaji, na dira yoyote atakayoijenga juu ya hapo ni ya kubahatisha.

Tuchukue duka la mtaani Tanzania linalouza wastani wa shilingi 30,000 kwa siku na kufunguliwa siku 26 kwa mwezi. Tuseme katika kila shilingi mia ya mauzo, ishirini ni faida kabla ya gharama. Kwa mwezi hiyo ni 156,000. Toa kodi ya fremu 40,000, toa umeme wa luku na nauli ya kufuata mzigo 22,000, weka kando 14,000 kwa ajili ya kodi ya mapato. Zinabaki 80,000, na hizo ndizo duka linaweza kumlipa mwenyewe. Sasa tuseme kwenye droo hutoka 4,000 za nyumbani kila siku ya kazi: mboga, vocha, nauli za watoto. Ni fedha ndogo isiyomshtua mtu, lakini kwa mwezi imefika 104,000. Pengo la 24,000 halionekani kwenye droo, kwa kuwa droo haikosi hela. Linaonekana polepole kwenye rafu, na mwaka ukiisha limekula 288,000. Mwenye duka atasema biashara imekuwa ngumu na wateja wamepungua, ilhali wateja ni walewale. Asipoujua ugonjwa, ataenda kutafuta dawa kwenye mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake ya kila siku yanatoka kwenye droo ileile.

Kwamba tatizo hili linatibika kwa kanuni nyepesi, ushahidi upo. Mwaka 2014 watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wafanyabiashara wadogo wa Jamhuri ya Dominika. Baadhi walifundishwa uhasibu wa kawaida. Wengine walipewa kanuni rahisi, hasa ya kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Waliobadilika kwa kiasi kinachoonekana ni wale wa kanuni rahisi. Mwaka huohuo Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichapisha utafiti wa magharibi mwa Kenya kuhusu jambo ambalo kila muuza duka analijua: kukosa chenji. Waligundua kwamba biashara ndogo zilikuwa zikipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida kwa sababu hiyo tu, na kwamba kuwauliza wenye biashara kila wiki kuhusu mauzo waliyoyakosa kulitosha kuwafanya wabadilike. Hawakupewa mtaji wala mkopo. Walielekezwa macho mahali pa kutazama. Mshahara wa mwenye duka hufanya kazi hiyohiyo: humlazimisha kutazama, kila mwezi, mahali ambapo fedha inatokea.

Pingamizi zito kuliko yote ni la familia. Duka dogo si kampuni; ndilo linalonunua sare, kuchangia msiba na kumpeleka mzazi hospitali. Mwaka 2016 ada ziliondolewa katika shule za umma za Tanzania hadi kidato cha nne, lakini viatu, madaftari na sare havikuondolewa, na vyote huja Januari, mwezi ambao mfuko umetoka kwenye sikukuu. Nani atamwambia mtoto asubiri kwa kuwa mshahara wa duka umekwisha? Nalikubali pingamizi hili kwa uzito wake wote, na sidai kwamba mshahara ni ukuta wa kuzuia mahitaji ya nyumbani. Mahitaji yanayojulikana, kama ya shule, yagawanywe kwa miezi 12 na yaingizwe kwenye hesabu mapema. Yasiyojulikana yana mahali pake pia: vikundi vingi vya kuweka na kukopa vya VICOBA huweka mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Na pale ambapo hakuna budi kuchukua dukani, ichukuliwe, lakini iandikwe kwenye daftari kama deni la mwenyewe kwa duka, lenye tarehe ya kurudishwa. Anayeumia zaidi duka likifa ni familia hiyohiyo. Ndiyo maana mume au mke na watoto wakubwa wanastahili kuijua ile 80,000. Kuificha ndiko kunakowafanya waamini kwamba droo haina mwisho.

Wapo watakaosema dira ya namna hii ni finyu, inamfundisha mtu kubana badala ya kukua. Nao wana ushahidi. Utafiti uliofanywa Togo kwa wajasiriamali 1,500 na kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 2017 ulionyesha kwamba mafunzo ya kujituma, kutafuta fursa na kujiwekea malengo yaliongeza faida kwa asilimia 30, yakayapita mbali mafunzo ya kawaida ya biashara. Lakini mafunzo yale yalidai mipango na kutazamia vikwazo. Hayakuishia kwenye hamasa. Mshahara unalipatia lengo miguu ya kutembelea. Mwenye duka wetu akitaka Desemba ijayo alipwe 140,000 badala ya 80,000, anahitaji faida ya ziada ya 60,000, yaani mauzo ya ziada ya 300,000 kwa mwezi, karibu 11,500 kwa siku. Swali lake sasa ni moja: ni bidhaa gani, kwa wateja gani wa mtaa huu, itauza 11,500 zaidi? Huenda jibu likawa friji. Huenda likawa kufungua saa moja mapema.

Wengine huogopa kwamba daftari litawaletea Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hapa hofu imegeuza mambo. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hutozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu hutozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Duka letu huuza 9,360,000 kwa mwaka, hivyo likiwa na daftari litalipa 160,800. Tofauti ni 89,200, kubwa kuliko mshahara wa mwezi mzima wa mwenye duka.