Tunguu la Dafodili Huchaguliwa kwa Mwezi

Dafodili huota kutokana na tunguu lenye umbo la kitunguu cha jikoni. Huzikwa ardhini Septemba, likakaa kimya baridi nzima, kisha likachanua miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Wenye bustani wa Uingereza hulitazamia ua lake kama dalili kwamba baridi inaaga, na watu wa Wales hulivaa ua hilo kifuani kila Machi 1, sikukuu ya Mtakatifu David. Aina nyingi za mwituni zina asili ya Hispania, Ureno na nchi za Mediterania. Waarabu huliita ua hili narjisi.

Wataalamu wa bustani wa Uingereza wamezigawa dafodili katika makundi 13, hasa kwa umbo la ua. Mgawanyo huo unawafaa zaidi wanaoshindana kwenye maonyesho. Mwenye bustani ya nyumbani ana swali la kutangulia hilo: aina hii huchanua lini? Anayenunua kwa kuvutiwa na picha ya pakiti huishia na wiki chache za rangi, kisha majani matupu. Anayechanganya aina za mapema na za mwisho huona maua tangu Februari au Machi hadi Mei.

February Gold, ya manjano na isiyo ndefu, ni miongoni mwa zinazotangulia, ingawa mara nyingi huchanua Machi. Tête-à-tête, iliyozalishwa Cornwall na Alec Gray, haizidi sana sentimita 15, hivyo upepo hauiangushi. Kwa vyungu na kingo za njia ni vigumu kupata bora yake. Thalia ni nyeupe tupu na huja Aprili. Wa mwisho ni narjisi wa washairi wa Mei, mweupe, mwenye kikombe kidogo kilichozungushiwa wekundu na harufu nzuri kupita wenzake wengi. King Alfred, tarumbeta kubwa ya manjano ya mwaka 1899, bado ni jina linalouza, lakini mengi yanayouzwa kwa jina hilo leo ni ya aina nyingine zinazofanana nayo.

Dukani, mkono huamua kuliko jicho. Tunguu zuri ni zito na gumu. Likibonyea, hasa kwenye kitako, huenda lina ugonjwa wa kuoza au limeliwa ndani na buu wa nzi wa narjisi, nalo halifai hata kwa bei ya bure. Lenye ncha mbili au tatu hutoa mashina mengi ya maua.

Shimo liwe na kina mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu. Likizikwa juujuu, miaka ya mbele huota majani bila maua. Maua yakinyauka, majani yaachwe wiki sita kabla ya kukatwa, kwa kuwa ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao.

Kindi, ambao hufukua matunguu ya tulipu, huyaacha ya dafodili kwa sababu yana sumu iitwayo likorini. Binadamu akiyala hutapika na kuumwa tumbo, na kuna waliokwisha kuyapika wakidhani ni vitunguu. Pakiti yake isiwekwe jikoni hata kwa usiku mmoja.